Mtu wa Mipaka

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza: "Ehe, na yule babu wa mashairi, mliishia wapi?" Nimekuwa nikijibu kwa vipande. Joyce nimemsimulia ya mlenda, Musa nimemsimulia ya michoro, na mama yangu nimemwambia yale tu ambayo hayatamfanya anipigie simu mara ya pili. Sasa nimechoka kukatakata. Nayaandika yote hapa, kituo kwa kituo, pamoja na sehemu niliyoiharibu mwenyewe. Mambo ya barua za mwaliko na vibali nayaruka, maana hayakumfurahisha hata aliyeyaandika.

Dodoma mjini

Mgeni alishuka kwenye treni Jumatatu kabla ya adhuhuri. Nilisimama nje ya stesheni na karatasi yenye jina lake, akanipita mara mbili, nami nikamwacha apite. Nilikuwa namsubiri Mmarekani, na kichwani mwangu Mmarekani alikuwa na sura yake tayari. Huyu alikuwa mzee mfupi, wa maji ya kunde, nywele nyeupe amezifunga nyuma, begani begi la turubai lililoshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Mara ya tatu alisimama mbele yangu, akaisoma karatasi, akasema kwa Kiingereza, "Hilo jina ni langu. Na umeliandika bila kosa. Shuleni kwetu walishindwa miaka minane."

Anselmo Ruelas. Kama hamjawahi kumsikia, hata mimi sikuwa nimemsikia hadi nilipopewa kazi hii. Ni mshairi wa Kichikano, yaani Mmarekani mwenye asili ya Meksiko. Alizaliwa California, kwenye kambi ya vibarua wa mashamba ya zabibu. Nyumbani kwao walizungumza Kihispania, shuleni walichapwa wakikizungumza, naye akaishia kuandika mashairi ambayo mstari mmoja una Kihispania na Kiingereza pamoja. Alikuja kwetu kwa sababu mtu alimwambia kwamba katikati ya Tanzania, kwenye ukame, kuna watu wanaolima zabibu. Alitaka kuwasomea shairi moja, kisha aende Kolo kuona michoro ya miambani. Kazi yangu ilikuwa kuwa mkalimani wake kwa siku tano, na kulitafsiri hilo shairi.

Nisiwafiche: sikulipenda. Mnanijua. Chuoni mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wenzangu waliosema "nimesabmiti asainimenti". Niliona kuchanganya lugha ni uvivu uliovishwa suti. Kwa hiyo nililitafsiri kwa Kiswahili kimoja, safi, kisicho na doa. Shairi lina mtoto, mama na karani wa shamba. Karani anajua Kiingereza tu, mama anajua Kihispania tu, mtoto yuko katikati. Mistari ya kati inakwenda hivi:

*Karani anasema: muulize kama anaelewa kwamba anaiacha nyumba.*
*Mama anasema: wanasemaje, mwanangu?*
*Nasema: wanauliza kama umechoka.*
*Mama anasema: waambie nimechoka.*

Kisha mama anatia sahihi.

Jioni ile, hotelini, aliniomba nimsomee kwa sauti. Alisikiliza amefumba macho, ingawa hakuelewa hata neno moja.

"Zuri sana," akasema. "Hapo kuna lugha ngapi?"

"Moja."

"Basi bado si la kwangu. Mama yangu na karani hawakuwahi kuzungumza sauti moja."

Nilibisha. Nikamwambia msomaji ana akili, atajua nani ni nani. Nikamuuliza pia kama kisa chenyewe kilitokea, kwa sababu mimi sikuamini. Mtoto gani atatafsiri uongo wa namna hiyo? Akanitazama, akasema, "Utaniuliza tena baadaye."

Kwenda Chamwino

Jumanne tuliondoka asubuhi na Elia, dereva wetu, Mgogo wa huko huko Chamwino, mtu wa miaka kama arobaini na tano. Mimi namwita kaka Elia. Yeye ananiita msomi, na hajawahi kulitamka neno hilo kama sifa. Tulipita Mtumba wakati watu wanaingia maofisini. Mzee Anselmo alishangaa majengo makubwa vile yametoka wapi katikati ya vichaka, nikamweleza habari za makao makuu kuhama. Akauliza waliokuwa wanaishi pale kabla wako wapi. Kwa mara ya kwanza nikafikiri huenda tutaelewana.

Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Yeremia, katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu katika kijiji kimoja nje ya Chamwino. Nilikuwa nimemweleza kwa simu, mtandao ukikatikakatika, kwamba tunamleta mzee kutoka Marekani "anayeshughulika na mambo ya mipaka". Nilimaanisha anayoyaandika: ule mstari kati ya Meksiko na Marekani, ambao ulichorwa wakati ukoo wa baba yake tayari ulikuwa unachunga ng'ombe pale. Tulitarajia watu kumi. Tulikuta karibu arobaini, wengi wameshika mifuko ya nailoni yenye karatasi ndani.

Nikajisemea, kumbe Wagogo wanapenda mashairi hivi!

Kwanza salamu. Nilikuwa nimemfundisha mgeni kwamba mtu akimwambia "shikamoo" aitikie "marahaba". Akaipenda marahaba, akamgawia kila mtu, hata mzee mmoja wa mkongojo ambaye wala hakuwa amesema shikamoo na ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Yule mzee akasema, "Mwacheni, huko kwao labda ni chifu."

Nikasimama kumtambulisha. Nayakumbuka maneno yangu vizuri, kwa bahati mbaya. "Huyu ni mtu wa mipaka," nikasema. "Maisha yake yote amefanya kazi ya mipaka. Ukoo wake ulikatwa na mpaka, kwa hiyo anajua uchungu wake." Watu wakanong'ona. Mtu nyuma akasema, "Huyo ndiye." Nikafurahi. Sikujiuliza ndiye nani, mimi ninayejiuliza kila kitu.

Chakula kilikuja kabla ya shairi. Ugali wa uwele na mlenda. Nilimtahadharisha kuwa mlenda unavutika na wageni wengi huuogopa. Alichovya tonge, akaliinua, uzi ukamfuata hadi mdomoni, akatafuna polepole. Nikadhani ameshindwa. Akasema, "Mama yangu alikuwa anapika dungusi, lile jani la miiba. Linavutika hivi hivi. Watoto wa shule walikuwa wananicheka kwa sababu yake." Akaongeza mboga mara tatu. Akina mama waliopika wakaniuliza anasemaje, nikawaambia anasema ni kitamu. Ni kweli, ila ni nusu. Niliona nusu inatosha.

Baada ya chakula watu wakaanza kumwonyesha karatasi zao. Yeye, kama nilivyojua baadaye, alidhani ni mashairi waliyoandika, kwa hiyo alizipokea kwa mikono miwili na kuzitazama moja moja kwa heshima. Mimi niliona mihuri na ramani zilizochorwa kwa kalamu. Nikajisemea watu wetu wakiona gari na mgeni lazima walete karatasi. Nikaendelea kunywa chai.

Kisha mama mmoja akamshika mkono akamwambia, "Twende ukaone."

Huyo ndiye Mama Nyemo. Mjane, umri wa mama zetu wakubwa, kanga kiunoni, mkasi wa kupogolea mizabibu umening'inia shingoni kwa kamba ya katani. Shamba lake lilikuwa limepogolewa nusu. Mzee Anselmo alipoiona mizabibu, mgongo wake ulinyooka. Aliomba mkasi kwa ishara, akainama kwenye mzabibu mmoja, akahesabu macho ya tawi kwa kidole, akakata mara nne. Mama Nyemo akachunguza.

"Amekata kama mtu anayejua," akamwambia Elia. "Hii mikono imefanya kazi."

Kisha akatupeleka mwisho wa mistari. Pale kulikuwa na ua wa minyaa, michanga bado, kijani kibichi, umepandwa katikati ya mizabibu yake kwa mstari ulionyooka. Mistari minane ya mizabibu ilikuwa imebaki upande wa pili. Huko alisimama mwanamume na jembe, akitutazama.

"Shemeji!" akaita yule mwanamume. "Leo umeleta mzungu wa kununua zabibu?"

"Nimeleta mtu wa mipaka, Yoramu."

Yoramu akaliacha jembe lianguke. 

Mama Nyemo akanigeukia. Alizungumza Kiswahili polepole, kama mtu anayebeba kitu asitake kimwagike. Mumewe alipofariki, mdogo wa mumewe, huyo Yoramu, alipanda minyaa akasema ndiyo mpaka. Mpaka wa kweli ulikuwa mawe, na mawe yameng'olewa. "Mwambie," akasema, "Ijumaa saa tatu baraza la kata linakaa kutusuluhisha. Aje aseme alichokiona. Mtu wa nje hawezi kuambiwa amehongwa na mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona zile karatasi zote, nikasikia maneno yangu yote. Na hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mama, tumekosea, huyu ni mshairi. Lakini watu walikuwa wametuzunguka, nilikuwa nimekula chakula chao, na aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikasema, "Inshallah."

Kwetu Kondoa, na wale waliokulia nyumba kama yetu mnajua, "Inshallah" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa labda, na mara nyingi ni hapana iliyovaa kilemba. Mama Nyemo ni mtu wa kanisani. Alilisikia kama kiapo. Akanishika mikono yote miwili, akashukuru, akampakia Elia boga kubwa kwenye gari.

"Amesemaje?" mgeni akaniuliza.

"Anashukuru umekuja kuona shamba," nikasema.

Shairi halikusomwa. Jua lilikuwa limeshashuka.

Haneti

Jumatano tukaelekea kaskazini. Elia alisimamisha gari Haneti kwa sababu, alivyosema yeye, mbuzi wa Haneti hapitwi. Mbuzi mwenyewe alikuwa bado anatembea. Tukasubiri saa mbili na nusu kwenye mabenchi. Mzee Anselmo aliletewa chapati ya kushikizia njaa, akaicheka, akaikunja, akaweka ndani pilipili na maharage, akala kwa mikono miwili kama mtu aliyefika nyumbani. Mwenye mgahawa akaja kutazama.

"Anaikosea," akaniambia.

"Kwao inaliwa hivyo."

"Basi kwao wanaikosea wote."

Nikatafsiri, na nikatafsiri kweli, akacheka hadi akakohoa.

Tulipokuwa tunasubiri nilimuuliza tena lile swali: kisa cha karani kilitokea?

Kilitokea. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa ameumia mgongo na hafanyi kazi tena, na shamba lilitaka kile chumba na nusu walichokaa, chenye mlimau mlangoni ambao mama yake aliupanda. Waliitwa ofisini. Karani alimwambia amuulize mama yake kama anaelewa kwamba akitia sahihi anaiacha nyumba. Mtoto akamtazama mama. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, ana vumbi la shamba hadi kwenye kope. Hakutaka kumwona akilia mbele ya yule mtu. Akatafuta sentensi nyepesi.

"Sikudanganya kwa ubaya," akasema. "Nilipunguza. Mkalimani mtoto anajifunza mapema kupunguza. Unampunguzia daktari, unampunguzia mwalimu, unampunguzia mama. Siku tatu baadaye vitu vyetu vilikuwa nje, mama ananiuliza, karani alisema nini hasa? Na hapo pia nikapunguza."

Mama yake alifariki bila kujua. Alikuja kulisema kwenye shairi, kwa lugha zote mbili, wakati hakuna tena wa kuzihitaji zote. Baada ya hapo aliandika kwa miaka mingi. Alisoma mashairi kwenye migomo ya vibarua juu ya matela ya matrekta, akafundisha kusoma magerezani, akachapisha vitabu vidogo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Watu humsifu kwamba anacheza na lugha mbili. "Sichezi," akasema. "Narudi pale mezani kwa karani."

Kisha akaifuta mikono yake akaniuliza, "Yule mama wa zabibu. Alinishika mkono muda mrefu. Alitaka nini?"

Elia aliyekuwa anakata nyama akasimamisha kisu. Kiingereza chake si kingi, lakini swali lile alilielewa.

"Alikuwa anakukaribisha tena," nikasema.

Mbuzi alikuwa mgumu.

Kondoa

Tulilala kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ananiongelesha Kirangi, namjibu Kiswahili, ndivyo tulivyo tangu utoto wangu. Jioni ile alikuwa anamweleza Mzee Anselmo jambo refu kwa Kirangi bila kunijali kabisa, naye anamjibu kwa Kihispania, wote wawili wanacheka. Nikauliza wanaongea nini. Shangazi akasema, "Tunakusengenya. Kaa pembeni."

Nikatoka uani. Elia alikuwa anaosha kioo cha gari.

"Msomi," akasema bila kugeuka, "ile Ijumaa tunarudi saa ngapi?"

"Ijumaa ipi?"

Akaacha kuosha. Akaniambia alichoongea na Mama Nyemo kwa Kigogo wakati wa kupakia boga. Shahidi wake alikuwa Mzee Masinga, aliyehamia kijiji cha kuelekea Mvumi. Ndiye aliyeyapanga yale mawe pamoja na marehemu. Miguu yake imeharibika, safari ni mateso kwake. Kwa hiyo Mama Nyemo alisema anamtumia ujumbe jioni ile ile: pumzika baba, mtaalamu amepatikana.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo mlivyopanga. Msomi kasema Inshallah mbele ya watu, mimi dereva nisimame nipinge?"

Namba ya Mama Nyemo sikuwa nimeichukua, wala Elia hakuwa nayo. Nikapiga ya Yeremia mara kumi na moja. Haipatikani. Elia akasema huko simu zinachajiwa kwa siku maalumu, huenda hadi Jumamosi. Nikaingia ndani nikamkuta Mzee Anselmo anafundishwa na shangazi jina la kila kitu kilichomo mezani, nikashindwa kusema. Nilijipa sababu nzuri kabisa: mzee amesafiri nusu ya dunia kuona michoro, kesho ndiyo siku yake, ya nini nimpunguzie raha? Nililisikia hilo neno kichwani, kupunguza, na bado nikaenda kulala nalo.

Kolo

Alhamisi asubuhi tulipanda mlima. Mwongoza wageni alikuwa kijana mpole aliyejua kila jiwe, nami nilimsumbua. Kila alichosema niliuliza: nani kasema, alijuaje? Mwishowe akaniambia, "Dada, mimi nasema walivyosema waliosema. Waliochora hawakuacha namba ya simu."

Sehemu moja, chini ya jiwe lililoinama kama paa, kuna watu wembamba wa rangi nyekundu iliyofifia. Mmoja yuko katikati. Wa kushoto wamemshika mkono, wa kulia wamemshika mkono. Kijana akaeleza kwamba kuna wanaosema anatekwa, na kuna wanaosema wanacheza ngoma.

Mzee Anselmo alisogea, mikono nyuma ili asiguse. Akatazama muda mrefu.

"Anatafsiri," akasema.

Kijana akaniuliza mgeni anasemaje. Nilifungua mdomo, na badala ya kumjibu yeye nikamgeukia mzee nikamweleza yote. Mipaka ya kwenye simu, karatasi zile, minyaa, baraza, Inshallah, Mzee Masinga na miguu yake. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Kijana wa watu alisimama pembeni akidhani tunagombana juu ya mchoro.

Nilingoja anikaripie. Alikaa juu ya jiwe. Alionekana mzee ghafla kuliko asubuhi.

"Baraza ni lini?"

"Kesho saa tatu."

"Na gari liko wapi?"

"Chini, pale njiani."

"Mimi sikuwa na gari," akasema. "Miaka zaidi ya sitini nimetafuta gari la kunirudisha kwenye ile meza. Wewe unalo, lina dereva, na hujaniambia tangu juzi?" Akasimama kabla sijampa mkono. "Twende."

Kulikuwa na michoro mingine mbele, ile ya wanyama, ambayo ndiyo hasa aliyoisoma vitabuni. Hakuiona. Kijana alimfuata akiita, "Babu, bado tembo!" Mzee akanipungia mkono tu nitafsiri, nikasema, "Anasema tembo watusamehe."

Kurudi

Njiani hatukusimama Haneti, na Elia alilipita lile banda la nyama bila kuligeukia.

Tulipopita Mayamaya mzee aliniomba nitoe shairi. Nikamsomea Elia lile la Kiswahili safi. Elia akasikiliza, mikono kwenye usukani.

"Huyo mama ni wa wapi?" akauliza.

"Wa Meksiko."

"Hapana. Huyo anaongea kama mhasibu. 'Wanasemaje, mwanangu?' Mama gani amechoka anasema hivyo? Mama atamwambia mtoto wake wa kiume 'baba'. Wanasemaje, baba?"

Nikamtafsiria mzee kwamba huku mama humwita mwanawe wa kiume baba.  Akasema mama yake alimwita hivyo hivyo kwa Kihispania, baba kadogo, na kwamba hakuliweka kwenye shairi kwa sababu lilikuwa zito mno kwake.

Basi mistari ya mama tukaitoa kwenye Kiswahili. Elia akaisema kwa Kigogo, mimi naiandika kama inavyosikika, yeye ananicheka ninavyoisoma. Karani tulimwachia Kiswahili changu, kile kisicho na doa, kwa sababu kumbe kilikuwa kinamfaa yeye tangu mwanzo. Mtoto tukampa zote mbili. Tulipofika Dodoma jua likizama, miguu ya mzee ilikuwa imevimba. Lakini shairi lilikuwa la watu watatu.

Chamwino tena

Ijumaa, kumepambazuka tu, tulimkuta Mama Nyemo mlangoni kwake amevaa kitenge cha kanisani. Alipotuona uso ukachanua. Nikapiga magoti kumsalimia, nikabaki hapo hapo chini nikamwambia: mama, nilikosea. Huyu mzee si mpimaji wala si mtaalamu wa ardhi. Anaandika mashairi. Nilijua tangu siku ile nikaona aibu kusema.

 Akamtazama mzee, akatazama kitenge chake.

"Mtafsirie nitakayosema," akaniambia. "Neno kwa neno. Usimpambie."

"Sawa, mama."

"Mwambie nimewalisha."

Nikatafsiri.

"Mwambie nimemzuia Mzee Masinga asije, na leo nilikuwa naenda kusimama mbele ya shemeji yangu mikono mitupu kama mwehu."

Nikatafsiri.

"Mwambie nimewakasirikia wote watatu. Na zaidi wewe."

 "Anasema ametukasirikia sote watatu," nikasema kwa Kiingereza, "na zaidi mimi."

Mzee Anselmo alivua kofia. Akasema mama ana haki, na kwamba kuna gari na bado kuna muda wa saa mbili na nusu kabla ya baraza. Nikatafsiri. Mama Nyemo alikuwa ameshaingia ndani kuchukua kandambili za njiani.

Kwenda kwa Mzee Masinga ni barabara ya vumbi na makorongo. Tulimkuta anaota jua ukutani. Mama Nyemo hakueleza mengi. Mzee akauliza, "Na mtaalamu?" Akajibiwa, "Kumbe anaimba." Elia akambeba mgongoni hadi kwenye gari.

Tulichelewa karibu saa nzima. Yoramu alikuwa tayari amesimama anaondoka, na wajumbe wa baraza nao wanakunja karatasi. Mzee Masinga hakukubali kusema lolote akiwa kwenye kiti. Alitaka shamba. Kwa hiyo baraza zima likahamia shambani, naye akiwa mgongoni kwa Elia akaongoza kwa mkongojo: hapa, songa, hapa. Sehemu ya tatu akasema chimbeni. Mawe ya juu yalikuwa yameng'olewa, lakini yeye na marehemu walikuwa wamezika jiwe jingine chini ya kila jiwe, kwa sababu, alisema, "tulimjua Yoramu tangu anatambaa". Watu wakacheka, hata Yoramu akacheka kidogo kwa hasira. Yalipatikana mawili kati ya manne. Wajumbe wakaenda kukaa peke yao.

Wakati tunasubiri, Mama Nyemo akamgeukia mgeni. "Haya, na wewe. Uliyokuja nayo yako wapi?"

Kwa hiyo shairi lilisomwa pale, kati ya mizabibu, mbele ya watu waliokuja kusikia kesi. Mimi nilikuwa karani. Elia alikuwa mama. Mzee Anselmo alisoma mistari ya mtoto, nusu Kiswahili, nusu Kigogo, akitamka vyote viwili vibaya sana. Elia alipofika kwenye "wanasemaje, baba" kwa Kigogo, mama mmoja nyuma akaguna. Mtoto alipojibu kwamba wanauliza kama umechoka, Mama Nyemo akasema kwa sauti, "Usimwambie hivyo!" Mzee hakuhitaji mkalimani. Alisimama hapo hapo, kisha akamaliza.

Baraza liliamua mistari sita irudi kwa Mama Nyemo, na miwili iangaliwe upya mawe mengine yakipatikana. Yoramu apewe hadi baada ya mavuno kung'oa minyaa yake. Mama Nyemo alitaka minane. Hakufurahi wala hakulia. Alishika mkasi wake akaanza kupogolea mstari wa kwanza wa ile sita, akiwa na kitenge chake cha kanisani.

Tulipokwenda kumuaga hakuacha kazi. "Muulize," akaniambia, "atakuja tena wakati wa kuvuna? Aone zilivyozaa?"

Nikamuuliza mzee. Aliitazama mizabibu, akatazama miguu yake. Angeweza kusema atajaribu. Mimi ningeweza kusema lile neno langu, na kwenye ulimi lilishafika.

"Hapana," akasema. "Ningependa sana. Lakini sitaweza kufika tena."

Nikamgeukia Mama Nyemo. "Anasema hapana. Angependa sana, lakini hataweza kufika tena."

Alikata tawi, akalitupa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Haya," akasema. "Hapo umetafsiri."